Anasimama kwa Mguu Mmoja kama Mti, Ila Kulala Chali Ndio Mtihani

Ukimwona mtandaoni utasema huyu hana mfupa hata mmoja. Mguu wa kushoto umekanyaga mchanga wa Coco Beach, wa kulia umebandikwa kwenye paja, mikono ipo juu, macho kayafumba, na Bahari ya Hindi imetandazwa nyuma yake kama pazia la studio. Wafuasi laki moja na ushee wanabonyeza moyo. "Mwili huo unalelewa jamani!" "Dada tupe siri." Siri yenyewe ni kwamba asubuhi ya siku ile alikuwa ameinama kwenye sinki la bafuni kwao Magomeni, kiuno kimekaba, kunyanyuka hawezi, na mama yake anamchua kwa mafuta ya karafuu huku akimsema kama mtoto wa darasa la tatu.

Jina kapuni. Walio kwenye ulimwengu wa harusi za Dar hawatachukua dakika mbili kumtambua, na wakimtambua wakae nalo moyoni. Umri ni miaka 32, hajaolewa (msimuulize, ameshaulizwa vya kutosha), na kazi yake ni kupamba maharusi. Ni mmoja wa wale ambao bibi harusi akishapita mikononi mwao, hata mama mzazi inabidi asogee karibu aulize, "Huyu ndiye wangu?"

Watu wanadhani kazi ile ni brashi na poda. Kazi ile ni mgongo. Bibi harusi amekaa kwenye kiti, mpambaji amesimama, kainama nusu, shingo mbele kama kasa, saa tatu mfululizo. Ijumaa sendofu, Jumamosi nikahi, Jumapili kicheni pati ya mtu mwingine kabisa. Kope za bandia peke yake zinataka mtu ashikilie pumzi. Baada ya miaka saba ya hivyo, bibie akawa akitembea utasema amebeba ndoo ya maji kichwani na hataki imwagike.

Yoga aliianza mwaka 2020, kipindi kile harusi zimekauka. Simu ina bando, kazi hakuna, kiuno kinauma. Akaingia YouTube kutafuta mazoezi ya mgongo, akaangukia kwa Adriene Mishler, Mmarekani wa Austin, Texas, ambaye chaneli yake ya Yoga With Adriene ipo tangu mwaka 2012. Mwanamke anaongea taratibu, hana papara, na pembeni yake mara nyingi amejilaza mbwa. Huyo mbwa ndiye aliyeleta neno la kwanza nyumbani. Mama yake alipita sebuleni na kanga mabegani, akatazama kile kioo cha simu, akatazama binti yake aliyetandika pale chini. "Mbwa anafanya nini sebuleni kwangu?" Akaambiwa yupo Marekani huyo mama. "Hata. Mzime."

Ngoja kwanza tumalize habari ya mkeka, maana hapo ndipo watu wa Bongo wanapopotea. Mwanzoni alitandika mkeka wa ukindu wa mama yake, ule wa wageni. Ukawa unateleza kwenye vigae, mikono huku, miguu kule, anajikuta kalala kifudifudi hajui kaangukaje. Akaenda Kariakoo akanunua ule wa mpira, wa zambarau, ukachanika pembeni ndani ya mwezi. Akamwandikia shosti wake, "Yaani mkeka wangu umechanika, nina hasira!" Shosti akajibu, "Pole mwaya, timu gani imekuangusha?" Kwa shosti, kama kwa nusu ya jiji, mkeka ni ule wa kubeti.

Sasa ratiba. Saa kumi na moja alfajiri anaamka, anasogeza meza ya kioo, anaviringisha zulia, anawasha feni namba moja tu kwa sababu ya Luku. Dakika 40. Siku ya harusi anapunguza zinakuwa 15, na Jumatatu hafanyi kitu, analala mpaka saa nne na hataki kusemeshwa. Halali njaa, hanywi maji ya ndimu na tangawizi mnayoyaona kwenye kurasa za watu, chapati zake mbili na maharage ya nazi zipo palepale.

Mkao anaoupenda kuliko yote ndio huo wa mti. Wahindi wanauita Vrksasana. Anaufanya akipiga mswaki, akisubiri chai ichemke, na wambea wanasema hata nyuma ya pazia la ukumbi akisubiri bibi harusi atoke msalani. Anasema umemfundisha kutuliza mkono. Ukisimama kwa mguu mmoja unatafuta sehemu moja ya kuangalia, msumari ukutani, swichi, chochote, na ukiacha kuiangalia tu unayumba. Mstari wa wanja nao ni hivyohivyo. Mkono hautetemeki kwa sababu ya mkono, unatetemeka kwa sababu jicho linahangaika.

Wa pili ni ule wa mbwa aliyeinamisha kichwa, matako juu, mikono na miguu chini, mwili umekuwa kama paa la nyumba. Huo ndio uliomponya mgongo kama kuna kitu kilichomponya. Mwanzoni visigino havikugusa chini na magoti yalikataa kunyooka. Hadi leo kisigino cha kulia kinaelea kidogo. Ameshakubali. Jina lake ndilo analoliruka, anasema tu "ule wa paa", maana mbwa ameshakatazwa humu ndani.

Halafu kuna ule wa mtoto. Unapiga magoti, unakaa juu ya visigino, unainama mpaka paji la uso linagusa chini. Sasa wewe fikiria mama wa Kitanga, mtu wa swala tano na uradi, anatoka chumbani alfajiri na tasbihi mkononi anamkuta binti yake kwenye hali hiyo, kichwa wazi, suruali ya kubana, na anaelekea upande wa friji.

"Mwanangu," akasema, sauti ya chini kabisa, "kama ni kusujudu, adhana si hiyo imeshaadhiniwa? Na kibla si huko."

Msicheke. Pale ndipo ugomvi wenyewe ulipozaliwa, na ulikuwa ugomvi kweli, wa wiki nzima watu wanapishana sebuleni kwa "shikamoo" na "marahaba" peke yake. Maana mama alikuwa na hoja. Kwa miaka mingi alikuwa akimgongea mlango binti huyu aamke aswali alfajiri, na majibu yalikuwa "nimechoka mama, nimerudi saa nane usiku". Leo anaamka mwenyewe, bila kugongewa, saa ileile, kwa ajili ya mazoezi. Na mazoezi yenyewe, mama alipouliza yanaitwaje, bibie akajibu bila kufikiri: Surya Namaskar, salamu kwa jua.

"Unaliamkia jua," mama akasema. "Aliyeliumba umemruka."

Bibie si mtu wa kukubali kushindwa kirahisi, akaingia mtandaoni kutafuta silaha. Na zipo. Akakuta Malaysia, Novemba 2008, Baraza la Fatwa la Taifa lilisema yoga yenye maneno ya ibada ndani yake haifai kwa Muislamu, na siku chache baadaye Waziri Mkuu wa wakati huo, Abdullah Ahmad Badawi, akasema mazoezi ya mwili bila yale maneno hayana tatizo. Akakuta pia kwamba India yenyewe, mwaka 2015, walipoadhimisha Siku ya Kimataifa ya Yoga kwa mara ya kwanza tarehe 21 Juni baada ya Umoja wa Mataifa kuipitisha Desemba 2014, waliiondoa salamu ya jua kwenye ratiba kwa sababu Waislamu wa huko walilalamika. Na hata hiyo salamu jinsi inavyofanyika leo, mmoja wa walioieneza sana kama mazoezi ya viungo ni mtawala wa jimbo la Aundh huko India, miaka ya 1920. Yaani kama zoezi la kila mtu, ni ya juzijuzi kuliko watu wanavyoaminishwa.

Silaha kubwa akaiweka mwisho. Jioni moja akakaa karibu na mama, akampa simu. "Mama, Saudi Arabia wenyewe mwaka 2017 waliiruhusu yoga kama mchezo. Mwanamke wa Kisaudi, Nouf Marwaai, ndiye aliyeipigania miaka na miaka, mpaka India wakampa nishani ya Padma Shri."

Mama akavaa miwani. Akasoma, akarudisha simu.

"Saudia siku hizi na matamasha ya muziki wanayo," akasema. "Hebu niletee ule muhogo."

Waliishia kwenye suluhu ambayo kila mmoja anadai ameshinda yeye. Bibie anaamka saa ileile, anaswali kwanza, halafu ndio anatandika. Ile salamu anaifanya vilevile, hatua zote 12, ila jina limebadilishwa. Humo ndani inaitwa "kuamsha mgongo". Ukimuuliza leo anaswali kwa sababu ya mama au kwa sababu yake mwenyewe, anakujibu kwamba swali hilo haulizwi mtu kabla ya chai.

Sasa tuje kwenye ubuyu wa kunguru, ambao baadhi yenu mliuona na mkauchangia.

Kuna mkao wa kubeba mwili mzima juu ya viganja viwili, magoti yamekaa nyuma ya mikono karibu na makwapa, miguu hewani. Jina lake halisi, Bakasana, linamtaja korongo, lakini walimu wengi wanauita wa kunguru. Na kwa mtu wa Dar jina hilo linaingia vizuri, kwa sababu kunguru wetu hawa wezi wa samaki nao asili yao ni India, waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka, wakahamia kila mahali. Kwa hiyo mkao umetoka India, ndege katoka India, anayeanguka ndiye wa Magomeni.

Miezi minane alijaribu. Hakuweza hata sekunde mbili. Tatizo halikuwa nguvu, tatizo ni kwamba mkao ule unakutaka upeleke uso mbele, chini, mahali ambapo ukikosea unaangukia pua. Na pua, kwa mtu anayeishi kwa kuonekana mrembo ili warembo wengine wamwamini, ni mtaji. Kila akifika pale pa kunyanyua miguu, mwili unagoma wenyewe.

Ila mtandao haungoji. Kuna mwenzake, mpambaji wa upande wa Sinza, aliposti yupo juu ya mikono miwili kama hana uzito. Bibie roho ikamuuma. Akamchukua shosti wake mpaka ufukweni, shosti akamshika kiuno kwa nyuma, wakapiga picha, wakamkata shosti pembeni kwa programu ya simu. Ikatoka safi. Akaandika maneno mawili matatu ya hekima chini yake, akaposti, akaenda kuoga.

Alipotoka bafuni alikuta moto. Mtu mmoja, sijui mna macho ya aina gani, alikuwa ameuliza swali fupi tu: "Dada, kwenye mchanga hapo, hicho kivuli cha pili ni cha nani?" Walimkata mtu, kivuli wakakisahau. Kivuli kilikuwa kimeinama kabisa, mikono miwili imekamata kiuno, kikionekana kama kinamtoa mtu shimoni. Watu wakakata kipande hicho, wakakizungusha makundi yote ya WhatsApp. Mteja mmoja wa sendofu akamtumia kikiwa na kicheko, kisha akaandika: "Na zile picha za maharusi zako nazo ni hivihivi?"

Hilo ndilo lililouma. Kicheko angekimeza. Lakini kwenye kazi ile watu wanalipa kwa kuamini picha. Alifuta posti, akafunga sehemu ya maoni siku tatu, na kwa hasira akaamua kwamba kunguru ataruka, apende asipende. Alhamisi usiku, mkeka umetandikwa, hana mto mbele, hana blanketi, akajirusha. Midomo ilitua kwenye vigae kabla ya viganja.

Ijumaa akaenda kupamba bibi harusi akiwa na mdomo wa juu uliovimba kama ameumwa na nyuki, kafunika kwa rangi ya mdomo nyekundu ambayo ilifanya uonekane zaidi. Bibi harusi hakuuliza. Bibi yake bibi harusi ndiye aliyeuliza, mbele ya watu: "Wewe mwanangu, unapigwa?"

Aibu ile ndiyo iliyompeleka darasani, na darasani ndipo lilipofumuka jambo jingine kabisa.

Ni studio moja upande wa Masaki, ya ghorofani, ya wazungu na wake za mabalozi, bei ya darasa moja unakula kuku mzima na soda zake. Mwalimu alikuwa kijana wa Kikenya, wa Nairobi, mji ambao Africa Yoga Project, iliyoanza mwaka 2007, imewatengeneza vijana wengi wa mitaani kuwa walimu. Yule kijana alimpa matofali mawili ya sponji aweke paji la uso juu yake akijifunza kunguru, ili uso uwe na pa kutua. Mambo ya vifaa hivyo, matofali, mikanda, viti, kwa kiasi kikubwa yalienezwa na B.K.S. Iyengar wa Pune, aliyefariki mwaka 2014 akiwa na miaka 95. Alikuwa mgonjwa mgonjwa utotoni, na ndio maana alijali mwili usioweza. Wiki ya tatu bibie alishika sekunde nne. Hakupiga picha.

Kilichomshinda ni kitu ambacho kila mtu pale ndani alikuwa anakisubiri kwa hamu. Mwisho wa darasa mnalala chali. Mikono pembeni, viganja juu, miguu imeachana kidogo, macho mmefumba, hamfanyi chochote kwa dakika tano au kumi. Savasana. Umetajwa kwenye Hatha Yoga Pradipika, maandishi ya karne ya 15, kwamba unaondoa uchovu. Tafsiri ya jina ni nyepesi na haina staha: mkao wa maiti.

Miaka yote ya YouTube alikuwa akifika pale anazima video. Anaviringisha mkeka, anawahi maji ya kuoga. Akiulizwa anasema hana muda wa kulala, kulala atalala usiku. Darasani hakuna kuzima. Siku ya kwanza alilala macho wazi akihesabu taa. Siku ya pili alikohoakohoa mpaka ikaisha. Siku ya tatu mwalimu, kwa nia njema tu, kwa sababu kiyoyozi kilikuwa kikali, alipita na mashuka mepesi akimfunika mmoja mmoja. Alipofika kwake akamfunika kuanzia miguuni, akapandisha shuka taratibu mpaka kidevuni.

Bibie alipiga kelele moja, watu wakakaa wote.

Mwaka 2018 baba yake alifariki alfajiri ya Jumamosi, hapohapo Magomeni, presha. Yeye alikuwa Arusha kwa kazi ya harusi, harusi ya watu wakubwa, na masharti ya familia yalikuwa kwamba simu zote za wapambaji ziwekwe kwenye mfuko tangu asubuhi, picha za bibi harusi zisije zikavuja. Alipewa simu yake saa nane mchana. Missed call 41. Msiba wa Kiislamu hausubiri, na wala haitakiwi usubiri. Baba alishaoshwa, akavishwa sanda, baada ya swala ya Alasiri akazikwa. Ndege ya jioni ilimtua Dar usiku. Aliwakuta wanawake wamekaa kwenye mikeka uani, ileile mikeka ya ukindu, wanaanza upya kulia kwa sababu yeye ndio amefika.

Wenzake wote nyumbani walimwona baba uso wa mwisho. Yeye peke yake ndiye ambaye hakumwona. Na siku ya tatu ya msiba mama, akiwa na uchungu wake, alisema neno moja mbele ya shangazi wawili: "Nyuso za watu ulizipaka. Ya baba yako hukuiona."

Hawakuwahi kulizungumza tena. Walikula pamoja, walichekeshana, waligombana kuhusu mbwa na jua, lakini lile neno lilikuwa limekaa pale sebuleni kama kabati ambalo kila mtu amezoea kulizunguka. Na bibie akilala chali, mikono pembeni, anachokiona ni kitu ambacho hakukiona. Akili inajaza yenyewe. Kila mara inajaza vibaya.

Kijana wa Nairobi hakumhoji. Alikaa naye nje kwenye ngazi, akampa maji. "Si lazima ulale hivyo, dada," akamwambia. "Lala ubavu. Ama weka miguu ukutani, inatosha. Hakuna mtu anakupa marks hapa." Pesa za darasa nazo zilikuwa zinaelekea kuisha, kwa hiyo ushauri uliingia vizuri.

Miguu ukutani ni vile inavyosikika. Unasogeza makalio mpaka ukutani, unapandisha miguu ikae wima juu ya ukuta, mgongo chini, basi. Akawa anamalizia hivyo kila siku. Kwa kuwa miguu ipo juu, alisema, mwili haufanani na wa mtu aliyelazwa. Unafanana na wa mtoto aliyechoka kucheza. Akafika dakika mbili, tano, na macho yakaanza kufumba yenyewe.

Ikaja Ramadhani. Mama ana sukari kidogo na miguu inamvimba, na ile mwezi wa kusimama taraweh ilikuwa inarudi kama mikate ya mofa. Usiku mmoja akaketi kwenye kochi akimtazama binti yake aliyeelekeza nyayo kwenye dari, pembeni ya kalenda.

"Hiyo nayo ni ya Wahindi?"

"Hii ni ya miguu, mama."

Siku ya pili yake alimuuliza nesi wa kliniki yake ya sukari, yeye mwenyewe, bila kumwambia mtu. Nesi akasema kunyanyua miguu kidogo hakuna neno, asikae sana, na akisikia kizunguzungu ashuke. Usiku ule, baada ya taraweh, akaja na dera lake, akalibana vizuri katikati ya magoti, akaamuru atandikiwe mkeka. Wa zambarau akaukataa. Ukaletwa ule wa ukindu. Kumsogeza mpaka ukutani ilichukua dakika kumi na bismillahi zisizo na idadi, wakacheka mpaka jirani wa upande wa pili akagonga ukuta.

Halafu wakatulia. Wawili, chali, nyayo nne ukutani, taa ya jikoni ndiyo inayowaka peke yake. Feni namba moja. Muda ukapita kidogo, na mama, bila kugeuza kichwa, akaanza kuongea juu kwa juu, kama anaongea na dari.

Alisema alitulia. Kwamba ile presha iliyokuwa imemkunja uso wiki nzima iliondoka, akawa kama vile alivyokuwa akilala mchana siku za Ijumaa, kinywa wazi kidogo, wakakifunga kwa kitambaa. Ndevu zilikuwa zimekatwa juzi yake, zilikaa vizuri. Alama ya kushonwa juu ya nyusi, ile ya kuanguka na baiskeli Tanga ujanani, ilionekana zaidi kuliko siku zote. Hakuwa wa kutisha. Alinukia karafuu maiti na udi. Kaka zake ndio waliomfunua uso, na yeye mama alimwambia marehemu, kwa sauti, kwamba mtoto wako wa kike yupo njiani.

"Nilimwambia upo njiani," akarudia. "Na ulikuwa njiani."

Bibie hakujibu. Machozi ya mtu aliyelala chali yanaingia masikioni, na kujifuta ni kazi.

Pakawa kimya, mpaka mama akasema, "Haya nishushe. Miguu imeingia ganzi."

Siku hizi ukuta wa sebule ile una alama nne za visigino, mbili juu na mbili chini yake, na rangi haijapakwa. Kunguru anashika sekunde 12. Juzi aliposti picha ya mti, peke yake, na kivuli kimoja. Mkao wa maiti anaujaribu Jumapili tu, mlango wa chumba cha mama ukiwa wazi. Ameshafika dakika tatu, halafu anageukia ubavu.